Fundo la Kitenge

Mama yangu hakuwahi kuisamehe setilaiti. Majirani wengine waliiogopa, wengine waliicheka, lakini mama alikuwa na kesi nayo: ilimnyang'anya sahani.

Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, pana, yenye mstari wa buluu ukingoni, na ilikuwa ya wageni tu. Sisi watoto tulikua bila kuthubutu kula ndani yake, hata siku ya Noeli. Asubuhi moja, mimi tayari mtu mzima mwenye kazi, papa, ndivyo tulivyomwita baba, aliishusha rafuni, akaitoboa katikati kwa msumari, akapitisha kamba kwenye tundu, akafunga jiwe chini yake ili izame, akaondoka nayo. Mama aliporudi sokoni alikuta nafasi tupu. Jioni papa aliingia ameishika, inaning'inia kwenye kamba, na mama akaitazama sahani kwanza, mume wake baadaye.

"Sasa bageni batakulia wapi?"

"Bageni balikuja hapa lini mara ya mwisho?" papa akajibu, na huo ukawa ugomvi wa wiki nzima.

Mimi nilikuwa upande wa papa, kwa sababu nilifanya kazi naye na nilijua sahani ile ilikwenda kufanya nini. Zaire yetu, miaka ile, ilikuwa imeanza kupokea picha za mito zilizopigwa na setilaiti, mtambo unaopita juu sana, mahali ambapo hata ndege haifiki. Wakubwa wa Kinshasa walitaka kusoma hali ya maji katika picha hizo: wapi yamejaa tope, wapi mchanga unajikusanya na kukwamisha meli, wapi mto bado uko safi. Lakini picha peke yake inaonyesha rangi tu. Ilibidi kuwe na mtu juu ya maji, saa ileile mtambo unapopita, apime maji yanapenyeka kwa macho hadi wapi, ili rangi ya juu ilinganishwe na ukweli wa chini. Watu hao, kwa Kisangani, tulikuwa mimi na papa.

Chombo cha kupimia ni kitu rahisi kuliko vyote nilivyowahi kuona katika sayansi. Ni kisahani cheupe. Unakishusha majini taratibu mpaka kisionekane tena, unashika kamba mahali hapo, unakipandisha mpaka kionekane, unashika tena. Katikati ya mikono yako miwili ndipo macho ya binadamu yanapokomea. Kisahani rasmi kilikuwa kimeahidiwa kutoka Kinshasa. Kilikuwa njiani. Zamani zile vitu vingi vilikuwa njiani, na mtu aliyevisubiri aliota mvi, ndiyo maana papa akachukua sahani ya mama.

Papa hakuwa msomi. Alitoka Maniema akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kivuko cha Lubunga, akamwoa mama, binti wa wavuvi wa maporomoko, na tangu siku hiyo wakwe wakamfanya mtu wao. Siku zote zisizokuwa za kivuko alikuwa kule kwenye miamba na shemeji zake, anapanda miti ile mirefu iliyosimikwa katikati ya povu, anashusha mitego ya vikapu, huku vijinzi vyeusi vidogo kama punje za ulezi vikimla miguu. Kila mtu wa maporomoko anavijua vijinzi hivyo. Vinauma bila kelele, mtu anajikuna, maisha yanaendelea. Papa alijikuna tangu nimfahamu. Mgongo wake ulikuwa na ngozi ngumu, na mama alimsugua kwa mafuta ya mawese akisema ameolewa na mamba.

Idara yetu ya mto ilikuwa na vyumba viwili katika jengo la zamani karibu na bandari, na chef, mkuu wetu, aliyevaa abacost, lile koti la kiserikali lisilo na tai, hata kwenye joto la kuua. Papa aliajiriwa kama mpiga kasia. Mimi niliingia baadaye na diploma yangu ya serikali, kuandika vipimo. Kisha akaja mkufunzi kutoka Kinshasa, akatufundisha siku chache, na alipokuwa anaondoka akatuachia sheria moja ambayo aliirudia mpaka ikanichosha: jicho lisibadilike. Kila mtu, alisema, sahani inampotea mahali pake. Mkibadilisha macho leo huyu kesho yule, hamtajua kama ni mto uliobadilika au ni mtu. Akatujaribu wote kwenye mtumbwi, mmoja mmoja. Papa ndiye aliyeiona sahani mbali kuliko wote, mbali kuliko mkufunzi mwenyewe. Chef alikasirika kidogo. Papa akateuliwa kuwa jicho la idara.

Alifurahi mpaka ikawa aibu kutembea naye. Njia nzima hadi nyumbani alisalimia watu asiowajua.

Basi tulifanya kazi hivi. Tulipewa tarehe za mtambo kupita. Asubuhi ya siku hiyo nilitoka nje kutazama anga, maana wingu likiwepo mtambo unapiga picha ya wingu, na Kisangani haina kitu ilichojaliwa kama mawingu. Siku nyingi tulirudi nyumbani bila kulowa. Papa alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hilo. Kila jioni kabla ya habari, televisheni ya taifa ilituonyesha sura ya rais inashuka kutoka mawinguni, na papa alininong'oneza kwamba labda yule hataki mwingine apite njia yake. Mama akimsikia alifunga dirisha haraka.

Lakini anga likiwa jeupe tulikwenda. Papa alipiga kasia mpaka tulipopangiwa, juu kidogo ya maporomoko, kisha ng'ambo mkabala na Lubunga, kisha chini kuelekea njia ya Yanonge. Alitia nanga ya jiwe, akainama upande wa kivuli, mimi nikakaa upande wa pili na karatasi zangu ili mtumbwi usipinduke. Hakuna mtu aliyepaswa kutazama majini isipokuwa yeye. Sahani ilizama ikicheza, kamba ikimpita vidoleni.

"Imepotea," alisema. Halafu, akiivuta: "Imerudi. Mama, andika."

Mama ni mimi. Papa aliniita hivyo tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. Neno hilo lilitosha kunifurahisha asubuhi nzima, na sikumwambia kamwe.

Kwenye kamba alikuwa amepiga mafundo ya kumwongoza. Moja halikuwa kama mengine. Msimu wa kwanza, maji ya mto wetu yakiwa kama yalivyo siku zote, rangi ya chai iliyokolea, sahani ilikuwa ikipotea karibu palepale kila mara maji yakitulia, na hapo papa akafunga kipande cha kitenge cha mama. Alikata pindoni, kwa ruhusa safari hii. Fundo lile la kitenge likazamishwa majini kila tulipotoka, likarudi linachuruzika, na papa alilikamua kwa vidole viwili kabla ya kukunja kamba. Alisema hiyo ndiyo nyumba ya macho yake.

Picha za kwanza zilitufikia baada ya miezi mingi, zikiwa zimekunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Nilikuwa nimejiandaa kuona mto wa buluu na msitu wa kijani. Msitu ulikuwa mwekundu. Nchi nzima nyekundu, na katikati mto mweusi ukijikunja kama mkanda ulioangushwa sakafuni. Chef alitueleza kwamba mtambo unaona kwa rangi zake: majani unayapaka wekundu, maji safi ni meusi, na maji yenye tope yanapauka, yanaelekea rangi ya majivu. Nilimchukua mama siku moja aje aone sahani yake imezaa nini. Alitazama ule wekundu, akajishika kichwa, akauliza ni damu ya nani. Nilimweleza. Akasema kitu kinachoona msitu mwekundu hakipaswi kupewa sahani ya mtu.

Miaka ile ya mwanzo ninaililia mpaka leo. Sikujua kwamba nilikuwa na furaha. Nilifikiri nina kazi tu.

Baadaye sahani ikaanza kupotea mapema. Mwanzoni kidogo, na chef akasema ni mvua za mlimani. Msimu uliofuata ikapotea mapema zaidi. Fundo la kitenge likawa linagusa maji tu, halafu haligusi. Papa alilitazama pale juu ya mkono wake, likiwa kavu. Safari moja, tukiwa mkabala na Lubunga, alishusha sahani mara kadhaa kana kwamba anabembeleza, kisha akakaa chini kwenye mtumbwi.

"Hii mayi iko nakufa," alisema, akiyatazama maji.

Niliandika kipimo. Sikuwahi kumsikia papa akisema juu ya mto ule neno baya, hata siku ulipomchukua shemeji yake.

Tangu hapo papa alibadilika. Mzaha wa mawinguni ukaisha. Alikwenda kwa wakwe zake kwenye miamba, akawaambia mto unajaa tope, wajiandae, samaki wataondoka. Wakamwambia samaki ni walewale. Akawaambia wao wanatazama vikapu, yeye anatazama maji. Wakacheka, na papa, ambaye alikuwa amechekwa na watu wale maisha yake yote kwa lafudhi yake ya Maniema bila kununa, safari hii alinuna, akaacha kwenda. Jumapili alikaa ukingoni peke yake. Nyumbani aliwaza mpaka akawa hamakinikii vitu: alimimina chai nje ya kikombe, alijikwaa kwenye kiti kilichokuwa mahali pake tangu uhuru, alimwachia mama mifupa ya samaki akisema imemchosha kuichambua. Mama alimshutumu kwamba anaonja pombe ya lotoko kwa siri. Alinusa mdomo wake na hakukuta kitu, akazidi kukasirika.

Chef naye alikuwa anatafuta mkosaji. Mto haupauki bure, alisema, lazima kuna anayeuchafua. Akasimama dirishani, akatazama ng'ambo, akaona bustani za wanawake wa Lubunga, mihogo na mboga za lengalenga zimeshuka hadi majini. Akapata. Barua ikaenda kwenye ofisi ya commune, na Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya umma, badala ya kufagia barabara kama kawaida, wanawake waliamriwa kung'oa mihogo yao wenyewe iliyokuwa karibu na maji. Mama mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alivuka na kivuko jioni ile, miguu ina matope, akaja kusimama mlangoni petu bila kuingia.

"Shemeji," alimwambia papa, "basema ni macho yako ndiyo iliona udongo yangu ndani ya mayi."

Papa alikuwa amekaa. Aliinuka taratibu, akashika mwimo wa mlango.

"Mayi iko nakufa, shemeji. Mimi sikusema ni wewe. Lakini mayi iko nakufa, nitasema nini?"

Mama mdogo aliondoka. Nilitaka kumkimbilia, na nilitaka pia kumkemea, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaona jinsi papa alivyokuwa anakonda. Mtu akifiwa, watu hukusanyika, huleta mkeka, hulia naye. Papa alikuwa anafiwa na mto na hakuna aliyekuja kukaa naye.

Ndipo akaja mhandisi. Alikuwa kijana mpole kutoka Kinshasa, ameleta bomba la picha na hofu ya kutusumbua. Alizitandaza mezani, za mwaka wa kwanza na za mwaka ule, akazilalisha pamoja, akamwita chef, na chef akaniita mimi.

"Citoyenne, tazama mto," aliniambia mhandisi.

Nilitazama. Picha ya zamani, mto mweusi. Picha mpya, mto mweusi.

"Kama maji yangekuwa vile mnavyotuandikia," alisema, "hapa pangekuwa pamepauka kabisa. Sisi tunaona mto haujabadilika. Bon, inawezekana kosa ni letu. Nimekuja kujua."

Chef alilipuka. Alisema setilaiti haijawahi kufika Kisangani. Alisema mashine haiwezi kumfundisha mtu aliyekaa juu ya maji. Najua alikuwa anaitetea barua yake na mihogo iliyong'olewa, lakini siku ile nilimpenda, kwa sababu katika kujitetea alimtetea papa. Papa alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na alikuwa amesikia yote.

"Donc mimi ni muongo?" aliuliza.

"Hapana, papa," mhandisi alijibu haraka. "Hakuna mutu anasema vile."

"Ile mashine inasema."

Papa alivaa kofia. "Alors, kesho twende wote. Utaona na macho yako. Mimi mwenyewe ningependa mashine iseme kweli. Lakini utaona."

Kesho yake anga lilikuwa safi, jambo ambalo katika mji wetu ni kama kupewa zawadi. Tulikuwa watatu mtumbwini. Mhandisi alikuwa mtu mzito, akakalishwa mahali pangu, na mimi, ili tusipinduke, nikahamishiwa upande wa papa. Ndiyo sababu nilikaa mahali ambapo sikuwahi kukaa katika miaka yote ile, bega langu karibu na bega lake, uso wangu juu ya maji yaleyale.

Tulitia nanga mkabala na Lubunga. Papa alinyosha kamba, akainama, akaiachia sahani. Ilizama nyeupe, ikageuka ya manjano, ikawa ya dhahabu katika yale maji ya chai. Iliendelea kushuka polepole. Nilikuwa naitazama kwa raha, nikifikiri jinsi inavyopendeza.

"Imepotea," papa alisema.

Nilidhani amekosea neno. Sahani ilikuwa pale. Ningeweza kuinama na kuishika, mkono usingelowa hata kufika kiwikoni. Niliona tundu la msumari. Niliona mstari wa buluu.

"Imepotea," alirudia, akimwambia mhandisi. "Unaona sasa, mwanangu? Mbali hata haikufika. Mayi iko chafu."

Mhandisi alikuwa amenyosha shingo, na yeye pia alikuwa anaiona. Alinitazama. Macho yake yalijaa huruma, akageuza uso kutazama Lubunga, na nikajua ameniachia mimi. Nilimchukia kwa hilo, na leo ninamshukuru.

Vitu vyote vilinijia kwa pamoja: chai nje ya kikombe, kiti, mifupa ya samaki, mikuno ya miaka yote ile. Tulikuwa tumeviona sote nyumbani, kila kimoja peke yake. Nilitamani mtumbwi upinduke, tuogelee tu, mambo yaishie hapo.

Papa alihisi. Mtu aliyekaa miaka mingi kwenye mtumbwi anajua mwenzake akitetemeka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe uko naiona?"

Ningeweza kusema hapana. Angerudi nyumbani na macho yake na heshima yake na mto uliokufa, na mihogo ya mama mdogo ingeendelea kung'olewa. Alikuwa ananiuliza kweli. Hakuwahi kuniuliza kitu akitaka nimdanganye.

"Ninaiona, papa. Iko hapa karibu sana."

Mkono wake ulibaki umeshika kamba. Maji yalipiga ubavu wa mtumbwi, na mbali maporomoko yalinguruma kama kawaida yao.

"Bon," alisema mwishowe. "Basi sema wewe ikipotea."

Akaanza kushusha. Hakuinama tena, alikaa wima, uso wake umeelekea mbele, vidole peke yake vikifanya kazi. Niliitazama sahani ikienda, ikififia, rangi ya chai ikiifunika kidogo kidogo. Fundo la kwanza likapita, na la pili. Fundo la kitenge lilishuka kutoka mkononi mwake, kavu, limekakamaa kwa kukaa juani misimu mizima. Likagusa maji, likalowa, likazama.

"Imepotea," nilisema.

Papa alipitisha vidole kwenye kamba kutafuta mahali ilipokatiza maji. Alilikuta fundo hapohapo chini ya uso wa maji, akalishika kwa vidole viwili, akalikamua.

"Ni fundo yetu," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Ya mwaka ya kwanza."

"Ndiyo."

"Donc mayi iko muzima."

Uso wake ulikunjuka. Papa yangu alikuwa amefurahi, Mungu wangu, amefurahi kwa dhati, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameinuka kitandani. Alichota maji kwa kiganja, akanywa. Kisha furaha ile ikafika mahali pa pili ilipopaswa kufika, kwenye macho yake mwenyewe, nikaiona inafika, mabega yake yakashuka, akatafuta goti langu kwa mkono, akalipata, akalishika hivyo hadi tuliporudi. Mhandisi ndiye aliyepiga kasia, vibaya sana, na hakuna aliyemcheka.

Daktari alimtazama kwa taa ndogo. Alisema ni ugonjwa wa mto, wa vile vijinzi. Vinapouma vinaacha vidudu chini ya ngozi, vinatembea miaka na miaka, na mwisho vinafika machoni. Kilichopotea hakitarudi, alisema, na kilichobaki kitafuata. Mama aliuliza mara nyingi kama hakuna dawa ya matone. Njia nzima ya kurudi alijilaumu kwa ile harufu ya lotoko aliyokuwa anaitafuta mdomoni mwa mtu mgonjwa.

Chef aliandika kwamba bustani za Lubunga zinaweza kuendelea, bila kueleza kwa nini. Mama mdogo alivuka na kikapu cha lengalenga, akakiweka miguuni mwa papa, wakalia wote wawili. Shemeji zake wa miamba nao walikuja, mmoja baada ya mwingine, na safari hii mikeka ilitandikwa. Idara ilimpumzisha papa. Kisahani rasmi, kile kilichokuwa njiani, kikawasili ndani ya sanduku lake, na sahani ya mama ikarudi nyumbani pamoja na kamba yake.

Mama aliifungua kamba, akaiosha sahani kwa majivu, lakini hakuirudisha rafuni. Akawa anampakulia papa ndani yake. Alitandaza lituma, ndizi za kuponda, juu ya tundu ili mchuzi usivuje, akaweka samaki aliyekwisha kuchambuliwa mfupa mmoja mmoja, akamshika mkono na kumwonyesha ukingo. Tulikula hivyo kwa miaka. Setilaiti hakuisamehe.

Mimi niliendelea na kazi. Jicho la idara nikawa mimi. Asubuhi moja, giza la papa likiwa tayari limekamilika, alikaa uani uso umeelekea juu, akihisi jua.

"Leo hakuna mawingu," alisema.

"Hakuna, papa."

"Basi ile mashine inatuona." Alifikiri kidogo. "Nipeleke."

Haikuwa siku ya kazi. Niliichukua sahani ikiwa na unyevu wa kuoshwa, nikafunga kamba ya zamani na jiwe, nikamshika mkono hadi ukingoni, nikamwingiza mtumbwini, nikapiga kasia. Alikuwa amekuwa mwepesi. Mkabala na Lubunga nilitia nanga, nikamwekea kamba mikononi. Aliishusha yeye, taratibu, kwa ustadi uleule, akisikiliza maporomoko. Mimi niliinama kutazama. Sahani ilizama nyeupe, ikawa ya manjano, na papo hapo ikayeyuka, ikatoweka, fundo la kitenge likiwa bado juu kabisa mkononi mwake, kavu.

"Imepotea," nilisema.

Alisimamisha kamba, akapapasa. Uso wake ulijaa hofu ile ya zamani.

"Mapema hivi? Mayi iko mugonjwa?"

"Hapana, papa. Mayi iko muzima. Ni macho yangu."

Aliunyosha mkono hewani mpaka ukanifikia shavuni, ukalowa machozi.

"Bon," alisema. "Pangusa, mama. Tuanze tena."